Mimi Huku Sijambo: Barua za Rubani Mwanafunzi, 1939–1940

Waliokua zama za barua wanaikumbuka kanuni yake. Kabla ya kuomba ada au kuulizia mavuno, uliandika kwanza: mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Uliandika hivyo hata kama kalamu umeishika ukiwa kitandani na homa. Hakuna aliyeyaita maneno hayo uongo. Ilikuwa adabu ya kumtuliza msomaji kabla hajafika mstari wa pili.

Mwishoni mwa 1939, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza urubani Nairobi alimwandikia mama yake kwa adabu iyo hiyo. Jina lake Roald Dahl. Ulimwengu ungemjua baadaye kwa hadithi za watoto kama Matilda, lakini wakati huo alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell aliyeacha kazi Dar es Salaam ili akajiunge na Jeshi la Anga la Uingereza. Barua zake ni miongoni mwa kumbukumbu chache zinazotuonyesha, karibu wiki kwa wiki, jinsi raia alivyogeuzwa rubani wa vita katika ardhi ya Afrika Mashariki. Zinatuonyesha pia mambo ambayo barua ya mwana kwa mama haiyabebi.

Msomaji wa pili

Dahl alizaliwa Wales mwaka 1916, wazazi wake wakiwa Wanorwe. Baba alifariki 1920, naye mama, Sofie Magdalene, akabaki kulea familia. Mwaka 1925 mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Weston-super-Mare akiwa na miaka 9. Kila Jumapili asubuhi wanafunzi waliketi kuandika barua za nyumbani, na mwalimu mkuu akipita kati ya madawati, akichungulia juu ya mabega na kusahihisha tahajia. Nani angethubutu kuandika kwamba chakula ni kibaya au kwamba jana alichapwa? Hivyo kijana alijua mapema kwamba barua ya mama ina msomaji wa pili. Vita vilipokuja, msomaji huyo alibadilika tu: sasa alikuwa mkaguzi wa jeshi, mwenye kalamu ya kufuta majina ya mahali na habari za vikosi.

Shell ilimleta Tanganyika mwaka 1938. Alijifunza Kiswahili, akaishi Oyster Bay, akazunguka nchi kuwatembelea wateja wa mafuta. Septemba 1939, siku vita vilipotangazwa, alikabidhiwa askari wa King's African Rifles (KAR) wazuie barabara, maana Wajerumani wengi waliokuwa wakiishi nchini walitarajiwa kukimbilia koloni jirani la Wareno. Novemba aliendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, safari ya maili zipatazo 600, akajiandikisha.

Kichwa nje ya kioo

Tatizo la kwanza lilikuwa urefu. Dahl alikuwa na futi 6 na inchi 6, karibu mita 2, na ndege ya mafunzo, Tiger Moth, haikutengenezwa kwa mtu wa kimo hicho. Ilikuwa ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyovikwa kitambaa, yenye injini ya nguvu za farasi 130. Haikuwa na redio wala breki. Ili iwake, mtu alisimama mbele akaizungusha rafadha kwa mkono, kisha akaruka nyuma upesi. Mkufunzi aliketi kiti cha mbele na mwanafunzi nyuma yake, maneno yakipita katika bomba la kusemea lililounganishwa na kofia ya ngozi.

Kiti kilikuwa na shimo la kuwekea mwavuli wa kuokolea maisha, na mwavuli huo ndio uliokuwa mto wa kukalia. Kwa mtu wa kawaida haikuwa shida. Dahl alipoukalia, kichwa chake kilipita juu ya kioo cha mbele, upepo ukampiga usoni hata asiweze kuvuta pumzi. Ikambidi ainame nyuma ya kioo kila baada ya muda, avute hewa, kisha ainuke tena. Dawa aliyoipata ni leso nyembamba ya pamba, akaifunga puani na mdomoni. Namna hiyo, baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo, aliachiwa ndege peke yake. Chini yake zilitandaa mbuga za Kenya, na aliruka chini chini kiasi cha kuwaona wanyama vizuri.

Desemba 1939 alimwandikia mama kwamba hajawahi kufurahi namna hii maishani. Hatuna sababu ya kumshuku: alikuwa na miaka 23, na serikali ilimlipa ili atazame twiga kutoka angani. Lakini barua ile ina upande mwingine ambao hata mwandishi wake hakuujua bado. Katika kitabu chake cha 1986, Going Solo, Dahl anaeleza kwamba darasa lile lilikuwa la vijana 16, na kwamba 13 kati yao waliuawa angani ndani ya miaka miwili.

Lilikuwa pia darasa la Wazungu. Vijana Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika walioingia vita hivyo hivyo walivaa sare za KAR, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Nao walituma barua, na wasiojua kuandika walimtamkia mwenzao maneno ayaandike. Barua hizo pia zilipita kwa mkaguzi, na nyumbani mara nyingi zilisomwa na mtu mwingine, mwalimu au mhubiri, kwa sauti, mbele ya ukoo mzima. Askari wa KAR alikuwa na wasomaji wengi kuliko Dahl, na kwa hiyo mambo machache zaidi ya kusema.

Salama jangwani

Baada ya Nairobi vijana walisafirishwa kwa treni hadi Kampala, kisha kwa ndege hadi Cairo, na hatimaye Habbaniya, kambi kubwa ya anga kando ya mto Frati, maili 50 magharibi mwa Baghdad. Huko, katika joto la Iraki, Dahl alifunzwa kwa miezi 6 juu ya Hawker Hart, ndege nzito zaidi na yenye bunduki. Agosti 24, 1940 alipewa cheo cha ofisa.

Sasa itazame ile kanuni ya barua. Majira hayo ya kiangazi mwanajeshi ndiye aliyekuwa mbali na risasi. Mama na dada zake walikuwa na nyumba Bexley, Kent, kwenye njia ya ndege za Ujerumani zilizokuwa zikielekea London. Hofu na mashaka vilikuwa kwao kweli.

Septemba 19, 1940 mambo yakageuka. Dahl alitumwa kupeleka ndege ya kivita aina ya Gladiator kwenye kikosi chake kipya, jangwani kusini mwa Mersa Matruh, Misri. Gladiator ina kiti kimoja, kwa hiyo hapakuwa na mkufunzi wa kuketi naye. Mahali alipoelekezwa hapakuwa sahihi. Jua likizama na mafuta yakikaribia kwisha, alijaribu kutua jangwani. Magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikapondeka na kuwaka. Alijikokota akatoka, fuvu limepasuka, pua imevunjika, macho hayaoni. Alilazwa Alexandria, na wiki zikapita kabla hajaweza tena kushika kalamu.

Agosti 1942 mkasa huo ulichapishwa katika gazeti la Marekani, Saturday Evening Post, kwa kichwa kinachosema ametunguliwa juu ya Libya. Gazetini ajali iliongezwa chumvi. Katika barua kwa mama, maumivu yalipunguzwa. Mwandishi ni mmoja na ajali ni moja. Alichobadilisha ni kipimo, kwa kumtazama msomaji.

Simu ya mwisho

Sofie Magdalene alifariki mwaka 1967. Ndipo mwanawe alipojua kwamba mama alikuwa amehifadhi kila barua, zaidi ya 600, tangu ile ya kwanza ya shule ya bweni, ndani ya bahasha zake zenye stempu, zikiwa zimefungwa vifurushi kwa utepe wa kijani. Hakuwahi kumwambia.

Si hilo tu alilolificha. Katika kitabu chake Boy, Dahl anasimulia kwamba siku za mwisho za mama yake yeye mwenyewe alikuwa hospitalini Oxford akipasuliwa uti wa mgongo, hawezi kuandika. Mama aliomba simu iwekwe kando ya kitanda chake, akampigia, akamuuliza hali yake, akamtakia heri. Kwamba anakata roho, hakulitaja. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa amesoma barua za mtu asemaye sijambo daima, na inaonekana alijua namna ya kuzisoma. Zamu yake ilipofika, alijibu kwa lugha ile ile.