Kitambaa cha Dukani Kilichogeuka Bendera ya Vifaru

Kila Novemba 20, Kikosi cha Kifalme cha Vifaru cha Uingereza huadhimisha mapigano ya mwaka 1917 ya Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Vikosi vya farasi vya Uingereza vina mila za karne na karne. Kikosi hiki cha vifaru hakikurithi hata hatamu. Mila zake zilitokana na matope, oili na bidhaa zilizosalia dukani.

Tuanze na bendera. Mwaka 1917, Brigedia Jenerali Hugh Elles alitaka rangi za kikosi chake kipya. Katika duka moja la mji mdogo wa Cassel hakukuwa na vitambaa vingi vya kuchagua, akachukua hariri ya kahawia, nyekundu na kijani. Maana ikatafutwa baadaye: kupita kwenye matope, kupita kwenye damu, hadi kwenye majani mabichi ng'ambo ya pili. Imekaa vizuri mno, hata mtu angeapa kuwa ilitangulia kitambaa. Alfajiri ya Cambrai, Elles mwenyewe aliipeperusha bendera hiyo akiwa ndani ya kifaru kilichoitwa Hilda. Vifaru vilivyokusanywa kwa shambulio hilo vilikuwa 476.

Sasa mtazame ofisa kwenye gwaride. Mkononi ana fimbo ndefu ya mti, si kile kifimbo kifupi cha maofisa wengine. Enzi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia maofisa walitangulia vifaru kwa miguu, wakichoma ardhi kwa fimbo za aina hiyo ili kujua kama itahimili mzigo wa tani 28. Bereti yake nyeusi iliidhinishwa na Mfalme George wa Tano mwaka 1924: kofia ya ukingo ilikuwa kero ndani ya kifaru, na weusi ulificha madoa ya oili. Hata ovaroli za gwaride ni nyeusi.

Cambrai yenyewe haikuwa ushindi kamili. Kengele za makanisa ziligongwa Uingereza, lakini siku ya kwanza tu vifaru 179 vilikwama, viliharibika au viliteketezwa, na kuanzia Novemba 30 Wajerumani walirudisha sehemu kubwa ya ardhi waliyopoteza. Gwaride linaadhimisha siku ya kwanza, si ya kumi na moja. Majeshi mengi hufanya hivyo.

Ukifika London, pita Whitehall Court uone sanamu ya wanajeshi watano wa kifaru, iliyozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2000.