Saa Moja kwa Juma: Historia ya Kuhesabu Wasio na Kazi ya Kutosha

Mama anayeuza makaa kando ya barabara tangu alfajiri hadi usiku hawezi kusema kwamba hana kazi. Hata hivyo, faida yake huenda isitoshe chakula cha jioni. Je, tumhesabu miongoni mwa wenye kazi ama miongoni mwa wasio nayo? Swali hilo limewashughulisha wanatakwimu kwa miaka mingi, na jibu lake huamua ni nani anayeonekana machoni pa watawala.

Hesabu ya wasio na kazi kama tuijuavyo leo ilitokana na shida kubwa ya uchumi iliyoikumba Marekani tangu mwaka 1929. Mamilioni waliachishwa kazi, lakini serikali haikuwa na njia ya kujua idadi yao kila mwezi. Utafiti wa kila mwezi ulianzishwa mwaka 1940. Aliyehesabiwa kuwa hana kazi ni yule asiye nayo kabisa, naye anaitafuta. Kipimo hicho kilifaa nchi ya viwanda na mishahara.

Barani Afrika hakikutosha. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulichunguza hali ya Kenya. Uliona kwamba shida kubwa haikuwa watu kukaa bure, bali watu kufanya kazi kwa bidii na kubaki maskini. Mafundi na wachuuzi waliokuwa nje ya kazi rasmi, ambao Wakenya huwaita watu wa jua kali, walikuwa wakizalisha mali, lakini wenye mamlaka waliwapuuza, na pengine waliwafukuza na kuwabomolea vibanda.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1982, wanatakwimu wa mataifa walikutana Geneva wakakubaliana kwamba aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu katika juma ahesabiwe kuwa na kazi. Walikuwa na sababu: walitaka kila kazi, hata iliyo ndogo, iingie katika hesabu ya uchumi wa taifa. Lakini mahali ambapo aliyekosa kazi hapewi msaada wowote, ni nani awezaye kukaa juma zima bila kujitafutia? Kwa hiyo asilimia ya wasio na kazi huonekana ndogo, na soko la kazi lililo gonjwa huandikwa kuwa zima.

Kasoro hiyo ilirekebishwa polepole. Mwaka 1998 wanatakwimu hao walieleza namna ya kumpima mwenye saa chache za kazi, anayetaka kuongezewa na yuko tayari. Mwaka 2013 waliweka vipimo vinne, wakamkumbuka pia yule aliyekata tamaa ya kutafuta.

Kwetu Kongo, Taasisi ya Taifa ya Takwimu ilifanya utafiti uitwao 1-2-3 mwaka 2004 na 2005, kisha mwaka 2012, kwa utaratibu uliokuwa umejaribiwa Yaoundé mwaka 1993. Utafiti huo uliwauliza watu kuhusu kazi zao, biashara zao ndogo na matumizi ya nyumbani. Tena ulitenganisha upungufu wa kazi wa namna mbili: ule unaoonekana, yaani saa chache ambazo mtu hakuzichagua, na ule usioonekana, yaani saa nyingi zenye malipo yaliyo chini ya kiwango cha sheria. Mama wa makaa yumo katika namna hiyo ya pili.

Basi, ndugu msomaji, tukisikia kwamba wasio na kazi ni wachache nchini, tusifurahi upesi. Tuulize kwanza: wanaofanya kazi wanapata saa ngapi, na kwa malipo gani? Serikali inayotazama hesabu ya kwanza peke yake itadhani kwamba mama huyo hahitaji mkopo, wala soko lenye paa, wala ulinzi wa sheria, kwa kuwa katika daftari zake ameandikwa tayari: ana kazi.