Saratani ya nyuzi za sauti na tiba ya leza

Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu bila sababu inayojulikana yaweza kuwa dalili ya saratani ya nyuzi za sauti. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi saratani hiyo huondolewa kwa miale ya leza pasipo kupasua shingo.

Nyuzi hizo ni mikunjo miwili iliyomo ndani ya zoloto, nayo hutetema hewa ipitapo. Uvimbe wa milimita chache hutosha kuibadilisha sauti, na ndiyo maana ugonjwa huu hujitokeza mapema kuliko saratani nyingine nyingi za koo.

Namna leza inavyofanya kazi

Leza ya kaboni dayoksaidi ilivumbuliwa mwaka 1964 nchini Marekani na Kumar Patel, mzaliwa wa India. Mwaka 1972, madaktari Strong na Jako wa Boston walieleza matumizi yake katika zoloto.

Miale yake hufyonzwa na maji yaliyomo mwilini, hivyo hukata kwa kina kidogo na kuziba mishipa midogo ya damu.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, bomba gumu hupitishwa kinywani, na daktari huongoza miale akitazama kwa hadubini. Kwa kuwa leza yaweza kuwasha moto penye oksijeni, mpira wa kupumulia huwa wa aina maalumu, na uso wa mgonjwa hufunikwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji.

Wengi hurejea nyumbani siku hiyo hiyo au siku ya pili yake.

Utaratibu wa Uingereza

Mkazi wa Great Barr, kaskazini magharibi mwa Birmingham, huanzia kwa daktari wa mtaa wake. Kujiandikisha kwa daktari huyo ni bure na hakutegemei uraia.

Mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2015 unamtaka daktari afikirie kumpeleka haraka kwa mtaalamu mtu wa miaka 45 au zaidi ambaye sauti yake imekauka bila sababu. Hospitali ya Queen Elizabeth, mjini humo, ni miongoni mwa zinazotibu saratani za kichwa na shingo.

Leza au mionzi?

Tangu mwaka 2016, NICE inapendekeza leza kwa saratani changa iliyo kwenye uzi mmoja. Ikienea nyuzi zote mbili, mgonjwa hupewa hiari ya leza au mionzi.

Mionzi huchukua wiki kadhaa, na kwa kawaida hairudiwi mahali pale pale. Leza yaweza kurudiwa, ila kadiri daktari anavyokata kwa kina ndivyo sauti inavyozidi kubaki na mikwaruzo.

Afrika Mashariki

Jijini Dar es Salaam, mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Nchini Uganda, mashine pekee ya mionzi iliharibika mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa mwaka 2018.

Mgonjwa anayechelewa huenda akaondolewa zoloto zima na kupumua kupitia tundu shingoni. Chanzo kikuu cha ugonjwa huu ni tumbaku, na pombe huongeza hatari.