Idengo, rapa aliyefika Baraka kwa kadi memori

Nianzie kwa mwisho. Tarehe 13 Februari 2025, Delcat Idengo, rapa wa Beni, aliuawa kwa risasi mjini Goma wakati wa kupiga video ya wimbo mpya. Mji ulikuwa mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Januari, na wimbo ule ulikuwa unawasema wao.

Sisi huku Baraka tulimjua bila kumuona. Nyimbo zake zilitufikia kwa kadi memori, pale kwenye vibanda vya kuchajisha simu. Kwa redio sikumbuki kuzisikia hata mara moja.

Sasa wengi wanamkumbuka kama adui wa M23 tu. Hapo ndipo ninakataa. Mwaka 2021, Kivu ya Kaskazini ikiwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei, alihukumiwa Beni na mahakama ya kijeshi kwa ajili ya nyimbo zake. Raia, mbele ya majaji wenye cheo cha jeshi!

Mwaka uleule Kinshasa, kundi la MPR (jina lenyewe linacheza na chama cha Mobutu) lilitoa Nini to sali te. Tarehe 9 Novemba tume ya kuchunguza nyimbo ikaupiga marufuku, kwa kushika amri ya 1996 inayotaka kila wimbo upite kwao kwanza. Kelele ilikuwa kubwa mjini, marufuku ikaondolewa upesi. Beni iko mbali na kelele za Kinshasa.

Idengo alifungwa tena, gereza la Munzenze, Goma. Mji ulipoanguka, wafungwa walitoroka, naye akatoka. Angeweza kunyamaza, ama kuvuka mpaka. Aliingia kurekodi. Kutoka tarehe 27 Januari hadi kifo chake ni siku 17.

Mzee mmoja jirani, aliyeona maquis ya Kabila kule Hewa Bora, alisikiliza wimbo mmoja kwa simu yangu, akauliza: "Huyu mutoto iko upande gani?" Nilikosa jibu fupi. Serikali aliisema, waasi akawasema.

Juzi nilirudi kibandani kuomba nyimbo zake zote. Kijana aliangalia nje kwanza, kisha akanihamishia. Alikuwa amezificha ndani ya folda yenye jina la kwaya.