Mlezi wa Kwanza na Cheti Chake

Zamani Wajaluo waliwaweka watoto wadogo katika nyumba ya siwindhe, ambamo bikizee aitwaye pim aliwafunza hadithi, vitendawili na adabu. Hakuwa na cheti, bali alikuwa na heshima.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wazazi walijenga shule za chekechea kwa Harambee, wakawalipa walimu kwa michango. Wengi wao hawakuwa na mafunzo. Mwaka 1985 vilianza vituo vya mafunzo vya wilaya: mwalimu alifundisha wakati wa muhula, akasoma wakati wa likizo, kwa miaka 2.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu hiyo, na Suna imo katika Kaunti ya Migori. Basi, wazee wetu, tumdaipo mwalimu cheti, tumpe na heshima ya pim, pamoja na ujira wake.