Shahada iliyokuwa na mwajiri mmoja

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, wanafunzi wasiozidi 14 walianza kusoma sheria katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Huo ndio mwanzo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichohamia Mlimani mwaka 1964. Wenye shahada nchini walikuwa wa kuhesabika, na viti vya maofisa wa kikoloni vilikuwa vinaachwa wazi. Mhitimu hakuzunguka na bahasha ya vyeti. Serikali ilimsomesha, ikampangia kituo cha kazi, ikamlipa. Mzazi anayelalamika leo kwamba digrii imeshuka thamani anaipima kwa kipimo cha miaka hiyo. Naona kipimo hicho hakikupima elimu hata siku moja. Kilipima uhaba wa wasomi na mfuko wa mwajiri mmoja.

Ushahidi ulijitokeza mapema. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu walitumikie taifa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na kwa miezi 18 ya utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ugomvi ule ulionyesha wazi nani aliyepanga bei ya shahada: ilipangwa Ikulu, na ingeweza kupunguzwa Ikulu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaenda mbali zaidi, likataka mtu afanye kazi kwanza, apate na mapendekezo ya mahali pa kazi, ndipo aingie chuo kikuu. Hata katika enzi tunayoikumbuka kama neema ya wasomi, dola yenyewe haikuamini kwamba darasa peke yake linatosha.

Kisha mwajiri yule akaishiwa nguvu. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, watumishi wakapunguzwa, na ajira serikalini zikabanwa. Katika miaka iliyofuata milango ya vyuo ilifunguliwa: vyuo vikuu binafsi vilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi mwaka 2005. Matokeo yake yalionekana Juni 2014, pale waombaji zaidi ya 10,000 walipojazana Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji.

Wapo wanaosema tatizo ni ubora, kwamba vyuo vimekuwa vingi na vinatoa makaratasi. Hilo lina ukweli, na linaumiza familia zilizouza mashamba kulipia ada. Lakini hata kama wote waliofika uwanjani siku ile wangekuwa na ujuzi wa hali ya juu, nafasi zingebaki 70. Wengine wanashauri vijana wote waelekezwe vyuo vya ufundi vya VETA. Ufundi unastahili heshima kubwa kuliko tunayoupa, ila fundi naye anahitaji wateja wenye fedha, na hospitali bado haiendeshwi bila daktari aliyesoma miaka mingi. Kuwahamisha vijana kutoka foleni moja kwenda nyingine hakuongezi ajira.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba taasisi zetu bado zinamfikiria mhitimu wa mwaka 1965. Sheria ya mikopo ilipobadilishwa mwaka 2016, makato ya marejesho yalipanda hadi asilimia 15 ya mshahara, yakatwe na mwajiri kila mwezi. Anayelipwa mshahara anabanwa sana, na wenzake waliojiajiri, wenye kipato cha leo kipo kesho hakipo, wanadaiwa deni lililobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye ofisi. Utaratibu wa marejesho ungepaswa kuanza na kipato halisi cha waliojiajiri, kwa sababu huko ndiko wahitimu wengi walipo.