Potosí: Mlima wa Fedha na Hesabu ya Waliokufa

Kila Potosí inapotajwa darasani, idadi moja hufuatana nayo: watu milioni nane. Husemwa kwamba hao ndio waliomezwa na Cerro Rico, mlima wa fedha ulioko kusini mwa Bolivia, katika miaka mia tatu ya utawala wa Hispania. Mwandishi wa Uruguay, Eduardo Galeano, aliiandika idadi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu Amerika ya Kilatini, na kitabu kiliposambaa duniani nayo ilisambaa. Katika insha hii nataka kuipima. Sifanyi hivyo ili kuwatetea Wahispania. Hoja yangu ni kwamba idadi hiyo inatufanya tukodolee macho shimo la mgodi, ilhali sehemu kubwa ya uharibifu ilitokea mbali na shimo, katika vijiji ambavyo huenda havikuwahi hata kuuona mlima wenyewe.

Kwanza neno moja kuhusu lugha. Katika Kiswahili, fedha ni madini na fedha ni pesa. Hapa nitasema fedha kwa maana ya madini, na nikitaka kutaja zile za mfukoni nitasema pesa au sarafu. Kwa Potosí mkanganyiko huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa madini yaliyochimbwa mlimani yaligeuzwa sarafu bondeni, katika mji uleule.

Mwaka 1545 mwenyeji aliyeitwa Diego Huallpa aligundua mkondo wa fedha mlimani, na baada ya muda mfupi Wahispania wakauandikisha kwa majina yao. Mji uliota chini ya mlima bila mpango wowote. Uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima kinafikia karibu mita 4,800, yaani ni kirefu kuliko Karisimbi. Mahindi hayaoti huko. Chakula, kuni, mbao, nguo na majani ya koka, vyote vililetwa kutoka mbali, vingi mgongoni mwa lama. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 17 wakazi walikuwa zaidi ya 100,000, na miji ya Ulaya iliyoweza kujilinganisha nao ilikuwa michache.

Miaka 25 ya kwanza ni sehemu ya historia hii ambayo husahaulika. Wakati huo kazi ya kuyeyusha fedha ilikuwa mikononi mwa wenyeji. Walijenga tanuri ndogo za udongo zenye matundu, zilizoitwa guayra, wakaziweka kwenye miteremko ili upepo wa mlimani uvuvie moto. Wahispania walijaribu kutumia mivukuto yao wakashindwa. Kwa hiyo mwenye mgodi alilazimika kuwauzia au kuwaachia wenyeji mawe ya madini, kisha kungoja sehemu yake. Hali haikuwa ya raha kwa wote. Mwaka 1550 mtawa Domingo de Santo Tomás alikwisha kumwandikia mfalme akiufananisha mgodi huo na mdomo wa jehanamu. Lakini ujuzi ulikuwa wa wenyeji, na mwenye ujuzi huwa na nguvu ya kupatana bei.

Mawe tajiri ya juu yalipokwisha miaka ya 1560, guayra hazikufaa tena kwa mawe maskini ya ndani. Hapo ndipo Francisco de Toledo, aliyetawala Peru kwa niaba ya mfalme, alipofika Potosí mwishoni mwa mwaka 1572 akiwa na mambo mawili. La kwanza ni zebaki. Mbinu ya kuchanganya zebaki na unga wa mawe ili inase fedha ilikuwa imeanza Mexico mwaka 1554, na Peru ilikuwa na mgodi wake wa zebaki huko Huancavelica. Mbinu hiyo ilidai vinu vikubwa vya kusaga mawe, vinu vikadai maji, na maji yakadai mabwawa, ambayo yalianza kujengwa milimani juu ya mji mwaka 1574. Gharama kama hiyo mwenye tanuri la udongo asingeiweza. Ndani ya miaka michache fedha ilitoka mikononi mwa wayeyushaji wa kienyeji ikaingia mikononi mwa wenye vinu.

La pili ni watu. Wainka walikuwa na desturi iliyoitwa mit'a, maana yake zamu (msomaji asiichanganye na mita ya kupimia). Kila jamii ilitoa watu wake kwa zamu wafanye kazi ya dola, na dola iliwalisha. Toledo alilichukua jina, akaliacha sharti la kulisha. Mikoa 16, kutoka karibu na Cuzco hadi kusini mwa Bolivia ya leo, iliamriwa kutoa kila mwaka mwanamume mmoja kati ya saba hivi, wa umri wa miaka 18 hadi 50. Jumla ilikuwa kama wanaume 13,500 kwa mwaka. Theluthi yao, kama 4,500, walikuwa kazini kwa wiki, huku wengine wakipumzika, ingawa kupumzika kulimaanisha kutafuta kibarua ili kula. Malipo ya aliyeingia mgodini yalikuwa reale tatu na nusu kwa siku. Kutoka Chucuito, kando ya ziwa Titicaca, waliondoka zaidi ya wanaume 2,000 kwa mwaka, pamoja na wake, watoto na lama zao, na safari ilichukua miezi miwili. Muda wa kwenda na kurudi haukulipwa inavyostahili, na wengi hawakurudi.

Padri José de Acosta, aliyechapisha habari zake mwaka 1590, anaeleza kazi ilivyokuwa. Ngazi zilifumwa kwa kamba za ngozi na kuwekewa vijiti vya kukanyagia. Mtu alipanda akiwa na mzigo wa kilo ishirini na kitu, umefungwa kwa blanketi na kuning'inia mgongoni, na mshumaa umefungwa kwenye kidole gumba ili mikono yote ishike ngazi. Alitoka kwenye joto la ndani, mwili umelowa jasho, akakutana na upepo wa baridi wa mlimani. Wengine walianguka. Wengine waliuawa na homa ya mapafu, au na vumbi la mawe polepole. Huko chini vinuni, zebaki ilichomwa ili itengane na fedha, na moshi wake ukaingia vifuani mwa watu.

Sasa tuchukue kalamu. Mit'a ya Toledo ilidumu tangu 1573 hadi ilipofutwa na bunge la Cádiz mwaka 1812, yaani miaka 239. Tukizidisha kwa 13,500 tunapata zamu milioni 3.2. Hata kama kila aliyeitwa angekufa bila hata mmoja kubaki, tusingefika nusu ya milioni nane. Tena hesabu hiyo inazidi ukweli, maana idadi ya 13,500 haikudumu. Kufikia miaka ya 1690 ile rasmi ilikuwa imeshuka hadi kama 4,000. Mtu anaweza kupinga kwamba walikuwepo pia vibarua wa hiari, walioitwa minga. Ni kweli, na mwanzoni mwa karne ya 17 walikuwa sehemu kubwa ya wachimbaji. Lakini minga alilipwa zaidi, aliweza kuacha kazi, na kwa kawaida mizigo mibaya kabisa aliachiwa wa zamu. Kuwaongeza hakuifikishi hesabu kwenye milioni nane.

Kwa nini basi vijiji vililia? Jibu ninaliona katika jinsi zamu ilivyopangwa. Idadi ya watu ambao kila kijiji kilipaswa kutoa ilitokana na sensa ya Toledo ya miaka ya 1570. Maradhi yaliyokuja na Wazungu yaliendelea kuua, watu wakapungua, lakini deni la kijiji halikupunguzwa kwa kasi hiyo. Kijiji kilichopoteza nusu ya wanaume wake kiliendelea kudaiwa kana kwamba wapo. Zamu iliyopaswa kumfikia mtu kila baada ya miaka saba ikamfikia baada ya mitatu, kisha miwili.

Na palikuwa na mlango wa kutorokea. Aliyehama kijiji cha baba zake na kuishi kwingine aliandikwa forastero, mgeni, na mgeni hakudaiwa mit'a. Lakini pia hakuwa na haki ya shamba. Kwa hiyo kila mwanamume wa mikoa ile 16 aliwekwa mbele ya chaguo: ubaki na ardhi ya mababu pamoja na mlima, au upoteze vyote viwili. Maelfu kwa maelfu walichagua kuhama, na kila aliyehama aliongeza mzigo wa waliobaki. Mikoa ambayo haikuwa chini ya mit'a ilijaa wageni, huku ile 16 ikipungukiwa watu. Waliopotea hivyo hawakufa. Walikuwa hai, wakilima shamba la mwingine, jina la ukoo wao limefutwa katika daftari la kijiji.

Aliyebanwa zaidi hapo katikati alikuwa curaca, yaani chifu. Yeye ndiye aliyejibu kwa kila kichwa kilichokosekana. Akipungukiwa na watu, alilazimika kulipa pesa za kumkodi minga wa kuziba pengo. Machifu waliuza mifugo, wakauza vitu vya nyumbani, wengine wakafungwa na kuchapwa viboko mbele ya watu wao. Kisha likazuka jambo ambalo kwangu ndilo linaloeleza Potosí kuliko fedha yenyewe. Wenye migodi iliyochakaa waligundua kwamba pesa za kuziba pengo zinalipa vizuri kuliko kuchimba. Walizipokea, hawakumkodi mtu yeyote, wakazitia mfukoni. Watu hao wa kwenye karatasi waliitwa indios de faltriquera, Wahindi wa mfukoni. Mgodi ungeweza kuwa umesimama, na bado mwenyewe akaishi kwa zamu ya kijiji kilichoko safari ya miezi miwili. Mlima ulikuwa umegeuka kisingizio cha kutoza kodi.

Ninatoka Lubumbashi, mji ambao nao ulizaliwa na madini, na sisi Wakongo tunaijua vita ya idadi. Waliokufa enzi za Leopold wanatajwa kwa mamilioni, na kwa kuwa hapakuwa na sensa, kila mwenye nia mbaya huanza kwa kuibomoa idadi ili asiulizwe kuhusu mpira na mikono iliyokatwa. Ndiyo sababu siipendi milioni nane. Ni rahisi kuibomoa, na anayeibomoa hujiona amemaliza kesi. Hesabu ya vijiji na waliohama haibomoki hivyo, kwa sababu Wahispania wenyewe waliiandika katika madaftari yao ya kodi.

Sisemi kwamba wenyeji walikuwa wa kuonewa tu. Wanawake wa kienyeji walitawala soko la mji, wakiuza koka, pombe ya mahindi iitwayo chicha, hata mawe ya madini yaliyotoka mlimani kwa njia zisizo rasmi. Katika karne ya 18 palikuwa na kajcha, watu walioingia mgodini kuanzia Jumamosi usiku hadi Jumatatu asubuhi, kazi rasmi iliposimama, wakachimba kwa faida yao na kusaga mawe katika vinu vidogo. Wenye migodi waliwaita wezi. Wao waliona ni haki yao, na serikali iliyokuwa ikiihitaji fedha hiyo haikuweza kuwazuia kabisa.

Waafrika pia walikuwepo. Wengi walitoka bandari za Angola, ambako watu wa Kongo nao waliuzwa, wakapitishwa Buenos Aires na kupandishwa milimani. Wachache walitumwa mgodini. Wengine walifanya kazi majumbani, katika ufundi, na katika nyumba ya kupiga sarafu. Nyumba hiyo ilikuwa na aibu yake: mwaka 1649 iligundulika kwamba sarafu zake zilikuwa zimepunguzwa fedha kwa miaka mingi, na mwaka uliofuata tajiri Francisco Gómez de la Rocha akanyongwa kwa udanganyifu huo. Wafanyabiashara wa nchi nyingi walizikataa sarafu za Potosí.

Sarafu kubwa ilikuwa ya reale 8. Jina hilo msomaji wa Kiswahili analifahamu: pwani, reale ilibaki kuwa jina la sarafu kubwa ya fedha, hata ile ya Maria Theresa iliyotoka Austria. Mfaransa Morice alipopatana na sultani wa Kilwa mwaka 1776 apewe watumwa 1,000 kwa mwaka, bei ilikuwa piasta 20 kwa kila mtu, na piasta ni sarafu hiyohiyo ya Hispania. Kufikia wakati huo Mexico ilikuwa ikitoa fedha nyingi kuliko Potosí, kwa hiyo sarafu nyingi zilizofika pwani huenda zilipigwa huko. Za Potosí zilitambulika kwa alama yake, herufi P, na tangu 1767 herufi P, T na S zilizopandanishwa.

Bolivia ilipopata uhuru mwaka 1825, Bolívar alipanda Cerro Rico kusherehekea. Alikuwa amefuta kodi ya kichwa ya wenyeji. Mwaka 1826 serikali mpya iliirudisha, kwa kuwa hazina ilikuwa tupu na vijiji ndivyo vilivyokuwa na uwezo wa kuijaza. Mji wenyewe ulikuwa umebakiwa na sehemu ndogo tu ya wakazi wake wa zamani. Baadaye bati liliurudishia pumzi kwa muda. Tangu 2014 Potosí imo katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kilele cha mlima kinabomoka na kuzama ndani ya mashimo, na chini yake vyama vya ushirika vya wachimbaji vinaendelea kuingia kutafuta zinki, bati na fedha iliyosalia.